Nusu Dakika ya Mwisho

14 Januari

Mjomba wangu, shikamoo.

Natumaini barua hii imekukuta kwenye benchi lako lile lile la redio, miwani iko kwenye paji la uso na wewe unaitafuta mezani. Mkaza mjomba hajambo? Goti lake limetulia? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu, na tafadhali usimwambie, maana atanitumia chakula kwa posta.

Nimekupigia simu Jumapili tatu mfululizo. Mara mbili umepokea, umesema "ehe, ehe, vizuri," ukakata wakati nakuuliza swali. Fundi redio wa miaka thelathini ana simu mbovu, watu wakisikia watacheka. Basi nimerudi kwenye kalamu.

Habari kubwa ni kwamba kampuni ya muziki imetukubalia albamu moja. Nimeacha ukarani. Tuko watatu kama unavyojua: mimi kwenye mitambo ya sauti za umeme, Kinanda kwenye kinanda, na Saa anayetengeneza mapigo kwa kompyuta, ambaye tulimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kufika kwa wakati. Tumepewa miezi mitatu kwenye studio iliyo juu ya duka la mapazia. Kuta zimebandikwa sponji kila mahali na dirisha hakuna. Tukinyamaza wote nasikia damu inapita masikioni mwangu. Kampuni wamesema bila kuficha: hii ikipendwa kuna nyingine, isipopendwa kila mtu ashike njia yake. Mjomba, mimi sina njia nyingine. Naogopa.

Tuliahidiana mimi na wewe tangu nikiwa naokota vipande vya waya chini ya benchi lako, hadi ukanipa jina la Waya: nitakachotengeneza hakitoki nje mpaka kipite kwenye sikio lako. Kwa hiyo nimekuwekea nyimbo tatu kwenye kanda, kwa kuwa kingine huna imani nacho. Fundi sauti wa hapa studio alicheka alipoiona kanda. Nikamwambia kuna mzee mmoja akipita barabarani anakuambia redio ya nyumba ya tatu spika yake imechanika. Akaacha kucheka.

Nangoja neno lako.
Waya

2 Februari

Waya wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Huku hatujambo. Goti la mkaza mjomba wako linapanda na kushuka kama bei za sokoni, lakini mdomo wake hauna maumivu yoyote. Siku hizi ananisema kwamba sijibu nikiitwa. Nimemwambia mwanamume mwenye busara hajibu kila kitu. Kinyozi wa mlango wa pili naye analalamika kwamba redio zangu zinapiga kelele hadi wateja wake wanatingishika kwenye kiti. Yeye anyoe, aniache.

Simu ni kweli ina matatizo. Wewe andika tu. Kuandika kunamfanya mtu afikiri.

Sasa kazi yako. Nimeisikiliza mara nne. Nimesafisha kichwa cha mashine kwa spiriti, nikabadilisha spika, nikarudia. Besi ni safi, inanigonga hapa kifuani, nimejivuna. Ila huku juu pamekufa, mwanangu. Yako wapi matoazi? Ziko wapi zile sauti nyembamba za mitambo yako, zile ulizokuwa ukinichezea hapa mpaka paka anakimbia? Umechukua wimbo mzuri ukaufunika blanketi. Funua. Ongeza zile nyembamba, na ongeza kwa mkono wa ukarimu. Huyo fundi wako wa chumba cha sponji asikutishe. Mimi nimesikiliza redio mbovu kabla hajazaliwa.

Usiogope. Niko nyuma yako.
Mjomba

27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Salamu zangu zianzie kwa mkaza mjomba, halafu kwa paka, wewe uwe wa mwisho kwa kunitesa. Nacheka, lakini huku hapacheki mtu.

Nilifanya ulivyosema. Nilipopandisha zile nyembamba, Saa alijiziba masikio kwa viganja. Fundi sauti akasimama kabisa. Alisema kanda yenyewe humeza sauti za juu, kwamba mzee wangu anasikiliza kitu kimoja na watu watasikiliza kingine, na kwamba hatatia jina lake kwenye kazi hiyo. Kinanda akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, bendi hii ina watu wangapi, maana yeye alihesabu watatu. Nikawajibu mjomba wangu amesema, basi. Sijui kama wamekubali.

Nikueleze ukweli: tukishakaa saa nane ndani ya kile chumba, masikio yangu yanakufa ganzi. Sijui tena kipi kikali na kipi kimepoa. Nakushika wewe kama mtu anavyoshika ukuta gizani.

Kanda hii ina nyimbo zote tisa. Lile sanduku la kanda zako za majaribio ulilonipa nilipoondoka nimelipekua mpaka chini, na kuna kitu nimekitoa humo. Wimbo wa tisa usikilize ukiwa umekaa, mlango wa karakana umefungwa, mpaka mwisho kabisa. Zaidi ya hapo sisemi.

Waya

20 Machi

Waya wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako amepokea salamu, paka amelala.

Nimekaa kama ulivyoagiza, nimefunga mlango, na mteja mmoja amegonga mpaka amechoka, ndivyo nilivyoambiwa baadaye. Mwanangu, hii ni kazi. Wimbo wa pili na wa sita ningeweza kuwapigia watu barabarani bila kuomba radhi. Zile nyembamba zimeanza kuonekana, lakini kwa mbali, kama mtu anayechungulia. Ongeza tena kidogo. Usikubali wakurudishe nyuma.

Na wa tisa nimeusikiliza hadi mwisho. Muziki unakatika, halafu ukimya mtupu nusu dakika nzima, kanda inazunguka na hakuna kitu. Ni ujasiri huo. Vijana wengine wangejaza makelele. Ule ukimya usiuguse.

Mjomba

11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Wote hatujambo. Tumemaliza. Nimeongeza kama ulivyosema, na fundi sauti kweli amekataa jina lake liandikwe.

Umeuita ukimya. Nilidhani utasema kitu kuhusu mama. Miaka ishirini amekufa na humtaji, nami nimezoea, lakini nilidhani safari hii utasema neno moja tu. Hukusema. Sitauliza tena.

Albamu inatoka Juni.

Waya

9 Mei

Waya wangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu. Nilikwenda kliniki mara mbili, jambo dogo la uzee, wala usimpigie mkaza mjomba wako kumuuliza, ataongeza chumvi.

Barua yako ilikuwa fupi na imenikalia vibaya. Umemtaja mama yako na sijaelewa ametokea wapi. Mimi dada yangu simzungumzii kwenye karatasi. Si kwamba sina la kusema. Likianza halitasimama, na mimi nina redio za watu hapa.

Kama nimekukosea, niambie ni wapi. Albamu ikitoka nitumie yenyewe, ile wanayopata watu.

Mjomba

6 Julai

Mjomba wangu, shikamoo.

Poleni na joto, au mvua, sijui kwenu imeamuaje mwaka huu. Kliniki wamesema nini? Mkaza mjomba sikumpigia, nimekuheshimu, lakini roho haijatulia.

Albamu imetoka. Tuliizindua kwenye ukumbi mmoja, wakaja watu wa kutosha, wakakaa. Magazeti yameandika, redioni wametuzungumzia. Imepokelewa. Wapo waliosema ni kali kidogo huko juu. Nimefikiri labda ni ile kanda iliyotudanganya, kanda humeza sauti nyembamba na wewe ulikuwa unasikiliza kilichobaki. Hakuna wa kulaumiwa, ni mambo ya mashine.

Kinanda anakusalimu. Nakutumia albamu yenyewe, iko kwenye diski. Huna mashine ya kuichezea, najua, lakini kinyozi anayo.

Usijali kitu. Niko sawa.
Waya

3 Agosti

Waya wangu,

Marahaba. Nyumbani ni wazima. Leo sina utani, nivumilie.

Nilimpelekea kinyozi albamu asubuhi ya Jumamosi, kiti chake kina mtu na benchi lina watu wanne. Nilisimama mlangoni nimeweka mikono nyuma kama baba wa bibi harusi. Akacheza. Wimbo wa kwanza haujafika nusu, mzee mmoja kwenye benchi akainuka akatoka. Wa pili akamuomba kinyozi apunguze. Aliyekuwa kwenye kiti alikunja uso, nikadhani ni wembe. Mimi nilikuwa nasikia muziki mzuri, Waya. Nilisikia kazi safi, iliyopoa, na nikawa nashangaa watu hawa wana nini.

Kinyozi ana urafiki na mimi, alivumilia mpaka wimbo wa tisa. Muziki ukakatika, ukaja ule ukimya wangu. Nikawatazama. Hakuna aliyejikuna. Wembe umesimama hewani. Wote wamegeuza nyuso kwenye spika, wanasikiliza, na yule aliyetoka nje amerudi kusimama kizingitini. Nusu dakika. Ulipokwisha kinyozi akaja karibu na uso wangu, kama wanavyofanya wote siku hizi, akasema, "Mzee, huyu mwanamke anayepiga mluzi mwishoni ni nani? Ndiye peke yake aliyenipendeza."

Nilikaa chini palepale kwenye nywele za watu.

Sasa nikueleze niliyopaswa kukueleza tangu mwaka wa kwanza. Simu yangu haina ubovu. Ni mwaka wa nne huu, zile sauti nyembamba zimeniondokea, moja moja. Kwanza ndege, halafu kengele za baiskeli, halafu maneno ya watu yakabaki vokali tupu. Kliniki waliniwekea chombo kichwani wakaniambia masikio yote mawili, huku juu hakuna kitu, na chini kunafuata. Wamenipa kifaa cha kuvaa. Kinanipigia kelele za sahani na vijiko. Wamesema kilichokufa hakirudi.

Ile kanda ya mluzi niliirekodi mwenyewe. Nilikuwa najaribu mashine ya mteja, mama yako yuko nyuma ya karakana anaanika nguo, wewe mgongoni. Alipenda kupiga mluzi akiwa na vibanio vya nguo mdomoni, kwa hiyo kila mara ilibidi akate wimbo, akichomoe kibanio, abane, aendelee. Baada ya kumzika nilikuwa naicheza kila nikifungua karakana. Ndiyo sababu sikumtaja, nilikuwa naye. Halafu mwaka mmoja nikaiweka na nikasikia mvumo wa mashine tu. Nikasema kanda imezeeka, imekula sauti za juu, kanda hufanya hivyo. Nililia siku hiyo kama mtoto. Ndipo nikalitia sanduku lote mikononi mwako, nisilione. Sikuwaza hata mara moja kwamba kanda ni nzima.

Umeniandalia kisingizio cha mambo ya mashine. Nimekiona na nimejua umekikata kwa saizi yangu. Nakurudishia. Nilijua sisikii, nikakuambia uongeze. Niliogopa kwamba siku nikikuambia, hutaniletea tena kitu cha kusikiliza, na mimi nje ya hapo sijui ni mtu gani. Nikauchukua ugonjwa wangu nikauita kasoro ya kazi yako.

Niambie ukweli wa ule ukumbi. Ninastahili kuujua.

Mjomba

12 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Nimekaa na barua yako wiki nne. Niliandika majibu mawili nikayachana, moja la matusi na moja la machozi. Hili ni la tatu.

Ukumbi ulikuwa hivi. Tulikaa mbele watu wote wakituona. Kwenye wimbo wa tatu mama mmoja wa safu ya kwanza aliweka glasi chini akaziba masikio, kwa adabu, kana kwamba anarekebisha nywele. Kufika wa tano nusu ya viti vilikuwa vitupu. Kinanda alinishika mkono mpaka mwisho, na hilo sitalisahau. Gazeti moja liliandika kwamba tumetengeneza sindano tisa. Mtangazaji wa redio aliomba radhi kwa wasikilizaji. Waliobaki mpaka nusu dakika ya mwisho wote waliuliza habari za mluzi, lakini walikuwa wachache mno.

Nilikwenda kampuni kuomba turudie hata nyimbo mbili. Walinisikiliza vizuri sana. Walisema nakala zimeshasambaa na wao hawarudii. Kinanda amepata kazi ya kufundisha shule. Saa alikuja kuchukua vitu vyake, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kufika mapema. Mimi ofisi yangu ya zamani wameshamweka mtu. Napokea simu za wateja kwenye kampuni ya maji, kutwa nasema "nakusikia, endelea."

Nimekukasirikia, mjomba. Bado nimekukasirikia na sijui nitamaliza lini. Lakini nimejikasirikia zaidi. Nilikuwa na masikio mawili mazima, watu watatu chumbani wananiambia inauma, na mimi nikayatia masikio yangu mfukoni kwa sababu mjomba amesema. Hukunilazimisha. Ulikuwa mbali, hata hukujua ninavyokutegemea, au ulijua. Haidhuru. Haibadiliki tena.

Kuna jambo moja tu ninaloweza, nimelifanya kwenye kompyuta aliyoniachia Saa. Nimeuchukua mluzi wa mama nikaupunguza mwendo, na ukipungua mwendo sauti inashuka. Upande wa kwanza wa kanda hii ni nusu ya mwendo. Upande wa pili ni nusu ya nusu. Besi bado inakufika kifuani, ulisema. Tumia spika kubwa na uweke mkono juu yake.

Sijui kama utamkuta. Nimejaribu.

Waya

8 Oktoba

Waya wangu,

Marahaba, mwanangu. Hasira zako nimezipokea, kaa nazo muda wowote unaotaka. Huku ni wazima. Kibao cha karakana nimekishusha, na wateja nawaelekeza kwa fundi wa mtaa wa juu, ambaye hajui kitu lakini anasikia.

Kanda imefika Jumatatu. Nilimwambia mkaza mjomba wako kila kitu kwanza. Akasema alijua tangu mwaka juzi, alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Basi tukaingia wote wawili, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Upande wa kwanza sikupata kitu. Nilimwona yeye ameinamisha kichwa, nikajua kipo.

Nikageuza. Nikaweka mkono kwenye spika. Ikaja sauti nzito, inatambaa, kama mwanamume anaguna chumba cha pili. Sitakudanganya tena: si yeye. Dada yangu hakuwa na sauti ile, na nilikaribia kuzima. Ndipo ikakatika. Ikakaa kimya, muda mrefu, halafu ikaendelea. Ikakatika tena. Waya, vibanio. Ni pale anapotoa kibanio mdomoni. Sauti sikuitambua, lakini vile vituo ni vyake, hakuna mtu mwingine mwenye vituo vile. Umevirefusha mara nne, na kila kimoja nilimwona ameinua mikono kwenye kamba na wewe umelala mgongoni.

Albamu yako nimeiharibu na siwezi kuitengeneza. Ningekuwa na la kukupa ningekupa. Nina hili tu, kwamba kila asubuhi nafungua karakana isiyo na kazi, naweka upande wa pili, nasimama na mkono kwenye spika, namngoja amalize kuanika.

Mjomba